Fayawoli iko mlangoni, mwizi yuko sebuleni

Leo tuongelee kitu ambacho ukikisikia unadhani ni cha mafundi wa kompyuta wa Dar peke yao, kumbe kinagusa mpaka hela ya mahindi ya mzee wa Laela na mshahara wa mwalimu anayepanda gari toka Mpui kuja kupanga foleni ya ATM hapa mjini Sumbawanga. Swali ni hili: mwizi akishakuwa ndani ya mtandao wa ofisi, hapigi hodi tena, yuko ndani, anaweza kufika wapi? Na je, kuna aliyepima hilo kabla mwizi hajapima mwenyewe?

Nianze na kafe, maana ndiko tulikojulia kompyuta wengi wetu. Mwenye kafe anaamini kitu kimoja kuhusu wewe mteja: kwamba huenda wewe ni mwizi. Hana ubaya na wewe, ndivyo biashara yake ilivyo. Kutwa nzima anakalisha watu asiowajua kwenye mashine zake. Kwa hiyo anaweka Deep Freeze, ukichezea mashine akizima na kuwasha inarudi ilivyokuwa. Mashine ya kaunta inayohesabu dakika huwezi kuigusa ukiwa kiti namba 7. Flashi yako anataka aiskani kwanza. Yaani kafe nzuri imejengwa kwa kudhani kwamba adui ameshakaa kwenye kiti na amelipia nusu saa.

Sasa nenda kwenye ofisi zetu, za serikali na za watu binafsi. Ukishapita kwa mlinzi getini na kuandika jina kwenye daftari, basi wewe ni mtu wa humo. Nyingi ukiingia chumba cha mikutano utakuta waya wa mtandao unaning'inia ukutani, chomeka laptopu yoyote unapata. Waifai ya wageni, kamera za ulinzi, printa, kile kimashine cha kuchukua alama za vidole asubuhi, kompyuta ya mhasibu na seva ya mishahara, wote wako kwenye swichi moja kama watoto wa tumbo moja. Hela ya usalama yote imekwenda kwenye fayawoli inayoangalia nje. Kwa maneno mengine kafe ya mtaani Majengo inaweza kuwa inamjua adui wake kuliko kampuni yenye jengo la ghorofa kumi.

Mfano ambao dunia nzima inaujua ni Benki Kuu ya Bangladesh. Februari 2016 yalitoka maagizo 35 ya malipo kwenda Federal Reserve ya New York, jumla dola milioni 951. Mengi yalizuiwa. Matano yakapita, dola milioni 101. Milioni 20 zilikwenda Sri Lanka zikarudishwa kwa sababu kuna jamaa alikosea spelingi, badala ya "Foundation" akaandika "Fandation", benki ya njiani ikashtuka. Milioni 81 zikatua Manila, Ufilipino, na nyingi zikayeyukia kwenye makasino.

Watu wengi wanakumbuka ile spelingi na kucheka. Mimi naona cha kukumbuka ni kalenda. Barua pepe yenye CV feki ya mtu anayejifanya kuomba kazi iliwafikia wafanyakazi wa benki ile Januari 2015. Wizi umefanyika Februari 2016. Hapo katikati ni mwaka mzima! Mwaka mzima jamaa wako ndani, wanatembea toka kompyuta moja hadi nyingine, wanasoma namna malipo yanavyoandikwa, wanajua printa ya SWIFT iko wapi na inatoa karatasi gani. Siku yenyewe wakaizima hiyo printa, wafanyakazi wakadhani ni ubovu wa kawaida wa printa. (Nani kati yetu hajawahi kudhani hivyo.) Baadaye mpelelezi wa polisi wa kule aliliambia shirika la Reuters kwamba benki haikuwa na fayawoli na kompyuta zilikuwa zimeunganishwa kwa swichi za mitumba za dola 10. Benki kuu ya nchi hiyo, swichi ya mtumba!

Fikiria kama kati ya hiyo Januari na ile Februari angetokea mtu mmoja akapewa kazi hii: kaa kwenye kompyuta ya karani wa kawaida, jifanye mwizi, tuambie unafika wapi. Angefika chumba cha SWIFT, angeandika ripoti, wakubwa wangekasirika, na hadithi ingeishia hapo.

Hiyo kazi ndiyo jaribio la kupenya kwa ndani. Kwa wasioifahamu niieleze kidogo, maana watu wanadhani ni sinema, jamaa kavaa kofia anaandika herufi za kijani. Kampuni inawaita wapimaji. Badala ya kuwaambia "vunjeni mlango", inawaambia mlango umeshavunjika, mko ndani. Inawapa laptopu ya kawaida na akaunti ya kawaida kabisa, kama ya karani mpya aliyeajiriwa Jumatatu. Kuanzia hapo wanahesabu hatua.

Mara nyingi hatua ya kwanza hata sio kudukua, ni kusikiliza. Windows ina tabia ya zamani: kompyuta ikimtafuta mwenzake kwa jina na isimpate kwenye orodha, inapiga kelele kwa mtandao mzima, "jamani nani ni PRINTA2?" Yeyote anaweza kuitikia "ni mimi hapa". Kompyuta ile kwa uaminifu wake inaanza kujitambulisha, na ndani ya kujitambulisha kuna alama ya paswedi iliyochanganywa. Kama paswedi ni jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, hiyo alama haichukui muda kufunguliwa. Dawa yake ni kuzima hiyo tabia, na haina gharama yoyote.

Hatua ya pili ni paswedi ya fundi. Siku kompyuta 40 zilipoletwa fundi aliziweka zote paswedi moja ya utawala ili asisumbuke. Inaeleweka, ni binadamu. Lakini ukiipata kwenye moja umezipata 40. Microsoft walitoa kifaa cha bure cha kuipa kila mashine paswedi yake toka mwaka 2015. Bure! Na baada ya hapo ni kwenye mafaili ya pamoja, lile folda ambalo kila mtu anaingia, ndani yake kuna ekseli imeandikwa "passwords mpya". Sitanii wadau, waulize wanaofanya hii kazi.

Kitu cha tatu, na hiki ndicho wakubwa hawakipendi, ni kupima kama kuna aliyeona. Mpimaji anatembea humo siku nne au tano akipiga makelele kwa makusudi. Je, simu ililia kwa mtu yeyote? Mara nyingi hii ndiyo sehemu ya ripoti inayoumiza kuliko zote, maana tundu linazibika kwa wiki moja, ila kutokuwa na macho ni ugonjwa wa taasisi nzima. Kampuni ya Mandiant ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuitwa baada ya maafa, iliripoti kwamba mwaka 2011 kwa kesi walizoshughulikia muda wa kati wa mwizi kukaa ndani bila kujulikana ulikuwa siku 416. Mwaka 2023 umeshuka hadi siku 10. Msishangilie sana. Sehemu ya kushuka huko ni kwa sababu wezi wa siku hizi wanaofunga mafaili na kudai fidia wanajitangaza wenyewe.

Turudi Afrika Mashariki.

Oktoba 2020 Uganda: MTN, Airtel na Stanbic walitoa taarifa ya pamoja kwamba mtoa huduma wa pembeni alipata tatizo kwenye mfumo, na huduma za kutoa hela benki kwenda kwenye simu zikasimamishwa. Magazeti yakamtaja mtoa huduma huyo, Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na mitandao ya simu, na yakaripoti kwamba zilitumika laini zipatazo 2,000 kutolea hela. Hebu angalia. Wakubwa watatu, kila mmoja na fayawoli yake ya bei mbaya, na mwizi hakugusa hata moja. Aliingia kwa jirani ambaye wote watatu walishampa ufunguo. Kwa mtandao wa MTN au wa Stanbic, maagizo yaliyotoka kwa jirani yule yalikuwa ni ya mtu wa ndani. Ndiyo maana nasema "ndani" siku hizi sio jengo. Ndani ni popote ambapo mfumo wako unaamini bila kuuliza.

Halafu Novemba 2024, Uganda hiyo hiyo, waziri wa nchi wa fedha Henry Musasizi alisimama bungeni akakiri kwamba akaunti za Benki Kuu yao ziliingiliwa, ila akasema sio kwa kiwango kilichokuwa kinaandikwa magazetini. Mwanzoni mitaa yote ilikuwa inasema ni wadukuzi wa mbali. Februari 2025 waliopandishwa Mahakama ya Kupambana na Rushwa mjini Kampala walikuwa maofisa tisa wa Wizara ya Fedha, akiwemo Mhasibu Mkuu wa Serikali. Kwa mujibu wa mashtaka, malipo ya madeni ya nje yaligeuziwa njia yakaenda kwenye makampuni ya Japani na Poland. Kushtakiwa sio kuhukumiwa, tuache mahakama ifanye kazi yake. Nachotaka muone ni jinsi hadithi ilivyohama, toka kwa "mdukuzi asiyejulikana" hadi kwa watu wenye akaunti halali na kiti ofisini. Kama tuhuma ni kweli au si kweli, mfumo uliopimwa kwa kudhani adui yuko ng'ambo usingeweza kujibu swali hilo.

Na sisi Bongo tusicheke. EPA tunaikumbuka: mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu kwenda kwa makampuni 22, kwa karatasi tu na mihuri, hakuna aliyehitaji kompyuta. Ikachukua ukaguzi wa nje hadi Januari 2008 gavana akaondolewa. Wizi wa ndani tulikuwa nao kabla ya nyaya.

Watu wa mikoa mingine wanatutania sisi wa Sumbawanga kwa uchawi na radi, na wazee wanasema jina lenyewe la mji maana yake ni kutupa uchawi. Sasa katika hadithi zote za uchawi nilizosikia Ufipa sijasikia hata moja ambayo mchawi katoka Ulaya. Siku zote ni mtu anayejua mlango wako wa nyuma na saa unayolala.

Saa ya kulala, hiyo nayo ina kisa chake. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba makao makuu ya Umoja wa Afrika pale Addis Ababa, jengo lililojengwa na China na kukabidhiwa 2012, kila usiku kati ya saa sita na saa nane seva zake zilikuwa zinatuma data nyingi sana kwenda Shanghai, miaka mitano mfululizo. China ilikanusha, na viongozi wa Umoja pia. Sitaingia kwenye siasa zake. Kinachonivutia ni namna ilivyosemekana kugundulika: fundi mmoja Januari 2017 aliangalia grafu ya matumizi ya mtandao, akajiuliza kwa nini ofisi tupu inafanya kazi kuliko ofisi iliyojaa watu. Hakuwa na mtambo wa mabilioni. Alikuwa na grafu na udadisi.

Kisa kingine kitawapendeza watu wanaoishi na mgao wa umeme. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kampuni ya meli ya Maersk kupitia programu ya mahesabu iliyokuwa inatumika Ukraine. Toka mashine moja kikaokota paswedi kwenye kumbukumbu na kuruka kwenye nyingine, kwa sababu mtandao ulikuwa wazi kuanzia Copenhagen hadi mwisho wa dunia. Wakalazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Zile seva kuu zenye orodha ya watumiaji wote zilikufa zote duniani isipokuwa moja, ya ofisi ya Ghana. Kwa nini ilipona? Umeme ulikatika! Ilikuwa imezimika kabla kirusi hakijafika. Ikabidi mtu wa Ghana aruke Nigeria na diski mkononi amkabidhi mwenzake uwanja wa ndege ampeleke Uingereza. Hasara ya Maersk ilikadiriwa dola milioni 250 hadi 300. Kampuni imeokolewa na kukatika kwa umeme, aisee.

Sasa hoja yangu hasa kuhusu huku kwetu. Tawi la Sumbawanga la benki yoyote, la kampuni ya simu, la wakala wa serikali, linaungana na makao makuu Dar au Dodoma. Mwizi wa ndani hahitaji kupanda lifti ya Posta. Swichi iliyoko chini ya meza hapa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar, ni mlango ule ule. Na fundi wa hapa ni mmoja, au hayupo, anasubiriwa atoke Mbeya. Wapimaji wakiitwa, nashuku wanapimia wapi: makao makuu, kwenye kiyoyozi, siku tano, ripoti kurasa 80, chai. Kama mkataba hauna mstari unaosema "na tawi moja la mbali, tutalichagua sisi wapimaji", basi hicho kilichopimwa ni sebule ya mbele ya nyumba yenye vyumba ishirini. Hili silioni likiongelewa kabisa na nadhani ndilo kubwa. Mkulima anayesubiri malipo ya mahindi yake mwezi wa nane hana njia ya kujua kama taarifa zake zimepita kwenye swichi ya aina gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde. Haijasema azilinde Dar tu.

Kwa vijana wenzangu ambao mmeshaanza kuwashwa vidole: acheni. Subirini kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 4, kama ilivyopitishwa, kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya ulichofaidi, au jela isiyopungua mwaka mmoja, au vyote. Kifungu cha 5 ndicho ambacho watu hawakijui: kubaki ndani ya mfumo baada ya muda ulioruhusiwa kwisha nalo ni kosa peke yake. Yaani umefanya field kwenye ofisi fulani miezi miwili, umemaliza, akaunti yako hawajaifuta, ukaingia kuchungulia tu kama bado inafanya kazi. Umeshaingia humo. Hata kumiliki programu iliyotengenezwa kwa ajili ya uhalifu huo kinyume cha sheria kuna kifungu chake, cha 10. Ukimwambia askari "nilikuwa nawasaidia" utakuwa unamwambia kitu anachokisikia kila siku.

Hata barua peke yake haitoshi. Septemba 2019 huko Iowa, Marekani, wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama wakiwa na barua mfukoni. Barua ilitoka kwa uongozi wa mahakama wa jimbo. Sherifu wa wilaya akasema jengo ni la wilaya, hao wa jimbo hawana mamlaka ya kuruhusu mtu alivunje. Wakalala ndani, wakafunguliwa mashtaka, na yalifutwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo muulize anayesaini: hili jengo ni lako? Seva hii ni yako au mmekodi? Mtandao wa tawi ni wenu au wa kampuni ya simu? Majina ya wapimaji yaandikwe, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mashine zisizoguswa, na namba ya simu ya mtu atakayepokea saa nane usiku. Mazoezi fanyeni kwenye mashine zenu. Kompyuta kuukuu moja yenye RAM ya kutosha inabeba VirtualBox na ndani yake unajenga ofisi nzima ya uongo, karani, mhasibu na seva, unaivunja utakavyo.

Na wakubwa wa maofisi nao, kama kuna anayesoma: ripoti ya jaribio ikifika mezani msiifungie kwenye droo na kumhamisha fundi kwa hasira. Fundi aliomba swichi mpya miaka mitatu iliyopita na kuna dokezo lake kwenye faili, litafuteni.

Wadau mnaofanya kazi kwenye matawi, hapa mjini, Namanyere, Matai, popote: bila kutaja jina la ofisi, akaunti ya mfanyakazi wa mwisho kuacha kazi hapo kwenu ilifutwa lini? Na waifai ya wageni iko kwenye swichi moja na kaunta au imetengwa? Andikeni hapo chini tuone hali ilivyo.